Vibaba Viwili na Konzi

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmeitikia kama wagonjwa wa meno. Haya.

Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja, paliondokea mwanamke aitwaye Bi Zaituni. Viganja vyake vilikuwa laini, havikujua mchi. Tangu utoto wengine walimtwangia, yeye akala. Lakini kwa kupima, nani angemweza? Alikuwa na kibaba chake cha shaba, akikibeba hata msibani.

Mwanawe alioa binti aitwaye Somoe, kutoka kijiji cha mbali. Fungate ilipokwisha, Bi Zaituni akampimia mkazamwana wake vibaba vinne vya karanga zilizomenywa, za kuungia kisamvu cha wageni. Somoe akakaanga. Akapeta yale maganda yake membamba mekundu. Akatwanga, du, du, du, hadi mafuta yakatoka. Bi Zaituni akaja na kibaba, akashindilia, akahesabu. Kimoja. Viwili. Na konzi moja, ujazo wa mkono. Basi.

"Vinne vimeingia kinuni, viwili vimetoka," akasema. "Vingine viko tumboni mwako."

"Mama, sijala hata punje."

"Mwizi ana kiapo? Funga mzigo wako, urudi kwenu."

Somoe akawaza. Kurudi kwao si neno. Kurudi na jina la mwizi ndiko kulikomtisha, maana alikuwa na wadogo watatu wa kike, na nani angeposa nyumba ya wezi? Akamtazama mumewe. Mume akatazama miguu yake. Mwanamume huyo tumwache na miguu yake.

Kijijini humo alikuwako Bi Mize, bibi kizee aliyepika karamu za watu miaka sitini. Akaitwa. Akaja, akakaa, akauliza, "Zaituni, umejuaje kuwa kaiba?"

"Nimeshawazoea. Hata mke wa kwanza wa mwanangu nilimfukuza kwa hayo hayo. Vinne vikawa viwili na konzi."

Bi Mize akahesabu kwa vidole. "Wanawake wawili, vijiji viwili, hawajuani. Wakaiba sawasawa, hadi konzi?"

Watu wakaguna.

"Haya, Zaituni mwanangu. Pima nyingine. Leo utatwanga wewe."

Lo, mngeliona. Kukaanga tu, vidole vikaungua. Mchi akaushika kama ashikaye nyoka. Du. Apumzike. Du. Apumzike. Malengelenge yakamtoka, na wanawake wote wamemkodolea macho mdomoni, asije akatafuna. Mwisho zikatwangika. Akapima kwa kibaba chake mwenyewe. Kimoja. Viwili. Na konzi.

"Umeiba, Zaituni?" akauliza Bi Mize.

Bi Zaituni akageuza kibaba, akachungulia ndani.

Bi Mize akatundika vikapu viwili kwenye ncha za mti, akaufunga kamba katikati. Huku akatia vibaba vinne vya karanga nzima. Huku akatia zile zilizotwangwa, pamoja na maganda yake. Mti ukalala karibu sawa.

"Hicho kidogo kilichopungua ni maji yaliyokaukia jikoni," akasema. "Karanga nzima huacha nafasi kati ya punje na punje, kibaba kikajaa upepo. Ukitwanga, upepo hutoka. Uzito ni ule ule, kipimo cha kibaba si kile kile. Atakaye vinne vya kutwangwa hupima karibu vinane vya nzima. Hili kila mpishi analijua. Wewe umejua kibaba tu."

"Basi Somoe abaki," akasema Bi Zaituni, sauti ya mbu.

"Atabaki akipenda. Na yule wa kwanza?"

Kesho yake watu wakampeleka Bi Zaituni kwao yule mke, Somoe naye akafuatana nao. Bi Zaituni akasimama mlangoni kwa wazazi wa mke huyo wa kwanza, mikono imefungwa vitambaa, akatamka kwa kinywa chake: "Mwanenu hakuiba. Mimi sikujua."

Mama wa binti akamsikiliza hadi mwisho.

"Mwaka jana tulimzika," akasema. "Alikufa akiitwa mwizi."

Somoe akayasikia. Hakurudi tena kwa Bi Zaituni. Kutoka mlangoni pale alishika njia ya kwao, jina lake safi, na hakuna aliyethubutu kumwita arudi.

Wasikilizaji wangu, amhukumuye mwenziwe kwa kazi asiyoijua, huzika mtu bure. Hadithi yangu imeishia hapo. Tamu yake chukueni, uchungu wake niachieni mimi.