Mkate Uliochelewa Madhabahuni

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia katika imani kwamba palikuwa na nyumba ya watawa wanawake ukingoni mwa jangwa, na humo aliishi mtawa mmoja jina lake Drosila. Kazi yake ilikuwa kukanda mkate wa madhabahu. Aliifanya kwa miaka ishirini, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuchelewa sala hata mara moja. Dada wenzake walimsifu kwa hilo, naye aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Lakini tusidanganyane, sifa zile zilimwingia.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Mkandaji, kabla ya kugusa unga, husimama mbele ya wenzake, hunyosha mikono yake na kusema, "Nina amani na wote." Asipokuwa nayo hurudi nyuma, akakanda mwingine. Drosila hakuwahi kurudi nyuma.

Jumamosi moja asubuhi alikwenda kisimani kuteka maji ya kuandalia chachu. Kisima chenyewe kilichongwa mwambani kuhifadhi maji ya mvua, na hayo ndiyo maji pekee waliyokuwa nayo. Alikuwa bado anateka kengele ya sala ikalia. Akaikwapua ndoo yake, akaenda mbio, akafika kanisani wa kwanza kama kawaida yake.

Ilipofika adhuhuri, mwana-mbuzi alionekana akielea kisimani, amekufa. Kifuniko kilikuwa pembeni.

Zamu ya maji juma lile ilikuwa ya Tabitha, binti aliyebatizwa mwaka uleule na kukimbilia pale kumkwepa mjomba wake, aliyeapa kumtoa katika Ukristo kwa fimbo. Tabitha alikwisha kusahau kifuniko mara moja kabla ya hapo, akaonywa kwamba akirudia ataondoka.

"Nilifunika, Mama," alimwambia Mama Eufemia, mkuu wa nyumba. "Mungu ananiona, nilifunika."

Mama Eufemia akawatazama watawa wote. "Kuna aliyekwenda kisimani baada yake?"

Drosila alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka kwa yule binti. Akajiambia, huenda nilifunika. Akajiambia tena, nikisema sasa, nani atauheshimu mkate wangu? Hakufungua mdomo, na mjomba akatumiwa ujumbe aje kumchukua mpwa wake.

Jioni Drosila alipiga magoti kuichunguza dhamiri yake, kama alivyofanya kila siku. Alitubu kwamba alisinzia wakati wa zaburi. Alitubu kwamba alizitamani tini za mwenzake. Lakini kila alipokaribia habari ya kisima, sala yake iligeuza njia, kama punda anayekwepa shimo. Hapo ndipo hofu ilipomshika. Ikiwa leo amelikwepa hili, ni mangapi ameyakwepa miaka yote hii, huku akiinuka magotini ameridhika?

Jumapili mjomba alifika mapema na punda wake, akawa anagonga lango kwa fimbo. Watawa walikusanyika jikoni, maji ya kuazima yamo ndani ya viriba, unga umo mezani. Tabitha alikaa karibu na mlango, kifurushi chake mapajani. Ilikuwa imeamriwa kwamba mkate ukishakandwa, aondoke.

Drosila akanyosha mikono. "Nina..." Akakwama.

Fimbo ikagonga tena langoni.

"Sema, Dada," Mama Eufemia alisema taratibu.

Drosila akaishusha mikono. "Sina amani, Mama. Kisima nilikiacha wazi mimi."

"Umejua lini?"

"Tangu jana adhuhuri. Nilijua, nikanyamaza."

Mama Eufemia hakumkemea. Alimtuma bawabu akamwambie mjomba arudi kwake, binti haendi popote. Kisha akageuka. "Tabitha, njoo ukande wewe."

Wote walifurahi, wakadhani mambo yamekwisha. Tabitha akasogea, akanyosha mikono. Maneno yenyewe yalikuwa machache tu, na angeyasema wangempenda wote. Akayashusha macho.

"Mimi pia sina, Mama. Nina hasira na Dada Drosila."

Watawa wakanong'ona. Jua lilikuwa limepanda, na padre mzee aliyetoka mbali alikuwa akingoja kanisani. Angeweza kuitwa mkandaji mwingine, lakini Mama Eufemia alivuta kigoda, akaketi. "Basi tutangoja," alisema.

Drosila akapiga magoti mbele ya yule binti. "Ilikuwa ile kengele. Niliogopa kuchelewa."

Tabitha akageuza uso. Drosila akaelewa kwamba hata sasa alikuwa akitubu ya pembeni.

"Nilikusikia ukimtaja Mungu," alisema, "nikajua unasema kweli. Nikakuacha uende kwenye fimbo ya mjomba wako, ili mimi niendelee kusifiwa. Nisamehe."

Tabitha alilia, akalia sana, wala hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza alimwinua Drosila, akanyosha mikono mbele ya wote, akasema maneno ya desturi kwa sauti iliyosikika vizuri. Halafu akautazama unga. "Sijui kukanda, Dada. Nielekeze."

Mkate ulifika madhabahuni alasiri, umebonyea upande mmoja, na padre akaubariki hivyohivyo. Drosila aliingia kanisani wa mwisho kabisa, unga umemganda viwikoni, na inasemekana siku ile ndipo aliposali kweli.

Ndugu zangu, sisi nasi hujichunguza kila jioni, na katika kutubu habari za tini sisi ni hodari. Ukipiga magoti leo, angalia ni wapi sala yako inageuza njia, urudi papo hapo. Mwenyezi Mungu atujalie moyo wa kurudi, hata kama kwa kurudi huko tutachelewa.