Bata Mzinga wa Kapteni Hasketi

Siku hizo Amerika ilikuwa chini ya Mwingereza, na Kapteni Hasketi akaingia nyumba ya wageni ya mjane Tabitha bila hodi, kitambi mbele, askari wake nyuma.

"Bunge la London limeamua mtulishe bure. Nipikie yule bata mzinga!"

"Katika Bunge hilo yumo mtu tuliyemchagua sisi?"

"Hayumo, na hahitajiki. Linawasemea hivyo hivyo. Likikubali, mmekubali."

"Yaani mtu nisiyemtuma akitenda kwa niaba yangu, inahesabika nimetenda mwenyewe?"

"Ndiyo sheria! Inatufunga sote," kapteni akafoka mbele ya askari wake.

"Nimeelewa, bwana mkubwa," Tabitha akasema kwa unyenyekevu, akaingia jikoni.

Harufu ya nyama ikajaa nyumba nzima. Kapteni akajifunga kitambaa shingoni, akameza mate weee, mpaka yakamkauka. Mwishowe Tabitha akamwekea sinia mezani. Mifupa mitupu.

"Bata yuko wapi?"

"Umeshamla, Kapteni," Tabitha akajibu, akijifuta mafuta mdomoni. "Nimemla kwa niaba yako. Hukunituma, lakini umeshiba kwelikweli. Hebu cheua, askari wako wakusikie."