Msamaha Mmoja wa Mashavu

Hapo zamani, nyuma ya mashamba ya mkonge, alikuwako mama mmoja akiitwa Bi Zume. Kaeni vizuri. Na wewe uliyekwisha kuanza kucheka, ngoja kwanza, hadithi hii haichekeshi.

Bi Zume hakuwa mganga. Hakupiga ramli, hakupunga pepo. Alichemsha dawa za nyumbani tu kama mama zetu wote, ila yeye alikuwa na mkono wake. Majani aliyaosha maji matatu. Mizizi aliikwangua mpaka udongo wote umetoka. Chungu alikifunika kwa jani la mgomba, kuni akazipunguza, dawa ikatokota polepole. Na kabla ya kuwasha moto, kila mwanamke aliyemjia na homa alimuuliza swali moja: "Siku zako umeziona?" Dawa yake ya homa ilikuwa ya mwarobaini na mizizi, na mjamzito hakuruhusiwa hata kuilamba. Aliwauliza mabinti, aliwauliza wake za watu, hakuona haya. Mmoja tu hakuweza kumuuliza: mkaza mwanawe. Mama mkwe amuulize mke wa mwanawe habari za siku zake? Kwao jambo hilo halikuwapo. Ilikuwa aibu isiyosemeka.

Mkaza mwana huyo ndiye Mashavu, mke wa Mbaruku. Miaka sita ndani ya ndoa, mtoto hakuna. Mara moja alishika mimba, na Bi Zume kwa furaha akaitangaza kisimani, akaitangaza sokoni, akaitangaza hadi msibani. Jamani, msibani! Mwezi wa tatu mimba ikatoka. Watu wakasema, nanyi mnawajua watu. Kwa hiyo aliposhika ya pili, Mashavu alimwambia mumewe peke yake. "Niapie," akamwambia. "Mpaka tumbo lijioneshe lenyewe, usimwambie mtu. Hata Mama." Mbaruku akaapa.

Lakini nyumba ina macho. Mwanamvua, dada yake Mbaruku, alimkuta wifi yake nyuma ya jiko anatafuna udongo. Mwanamke anayetafuna udongo kwa raha namna ile, nani asiyejua ana nini? Mwanamvua alijua. Ila mdomo wake ulikwisha kumponza. Mimba ya kwanza ni yeye aliyempelekea mama yake habari, na ilipotoka Mashavu alimwambia mbele za watu, "Mdomo wako, wifi, ndio ulionilia mwanangu!" Tangu siku hiyo Mwanamvua alijiapiza hatasema tena la wifi yake, la heri wala la shari.

Basi, Mashavu akashikwa na homa. Homa ya kutetemeka, meno yanagongana. Bi Zume akaingia jikoni, akaosha majani, akakwangua mizizi. Kabla ya kuwasha moto akamwita binti yake.

"Mwanamvua, nenda kamuulize wifi yako lile swali. Mimi siwezi."

Mwanamvua akaenda mpaka mlangoni, akasimama, akarudi. "Mama, mie hajaniambia kitu."

Ni kweli, hakuambiwa. Aliona tu. Bi Zume akalichukua jibu hilo kuwa hakuna mimba, akawasha moto.

Dawa ile hunywewa asubuhi tatu, kabla mgonjwa hajatia kitu tumboni.

Asubuhi ya kwanza Mwanamvua ndiye aliyeichuja kwa kitambaa. Harufu ya mwarobaini ikampanda puani. Moyo ukamwambia sema. Akajijibu, "Si ana mdomo wake? Atasema mwenyewe." Akanyamaza.

Asubuhi ya pili Mbaruku ndiye aliyekipeleka kikombe. Alikulia nyumba ile, majani yale na mizizi ile anaijua. Akauliza, "Mama, dawa hii kila mtu anakunywa?"

"Leo unanifundisha kazi, Mbaruku?"

Akakumbuka kiapo. Akajiambia, "Mama anajua anachofanya." Akanyamaza.

Asubuhi ya tatu Bi Zume alikipeleka mwenyewe. Tumbo la Mashavu lilikuwa limeanza kumkata tangu jana jioni. Akaonja, akakishusha kikombe. "Mama, hii dawa ya nini?"

"Ya homa, mwanangu. Kunywa, usiiulize sana."

Mashavu akamtazama. Neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Akakumbuka kisima, akakumbuka soko, akakumbuka ule msiba. Akajiambia, "Kikombe cha mwisho hiki, kitanifanya nini?" Akanyamaza, akanywa mpaka machicha.

Homa ikapona. Lo, homa ilipona kabisa! Na adhuhuri ile ile mimba ikatoka.

Bi Zume alipozifua nguo za Mashavu zenye damu ndipo alipoelewa. Akaketi chini hapo hapo kwenye tope la kufulia, akajipiga mapaja. Tunasema majuto ni mjukuu. Bi Zume alitaka mjukuu, akapata majuto. Nasikia tangu siku hiyo hakuchemsha tena hata mchaichai.

Siku ya saba Mashavu alifunga mzigo wake. Wale watatu wakaja kukaa kizingitini, hakuna aliyethubutu kuingia.

Bi Zume akasema, "Mwanangu, swali nililituma. Adabu ndiyo iliyonizuia kukuuliza kwa kinywa changu, si chuki. Ningekuwa sijali adabu, mtoto wetu angekuwapo. Mikono iliyochemsha ni hii hapa. Nisamehe mimi."

Mwanamvua akasema, "Wifi, niliposema ulinilaani. Niliponyamaza, ndiyo haya. Ningefanyaje mimi? Lakini niliuona ule udongo, na kila nikifumba macho nauona. Nisamehe mimi."

Mbaruku alilia kwanza, mwanamume mzima. Kisha akasema, "Mke wangu, uliniapisha, nikakutii. Ningekivunja kiapo ungeninunia mwaka mzima. Natamani ungeninunia. Ninunie hata maisha, mradi mtoto awepo. Nisamehe mimi."

Mashavu akakaa juu ya mzigo wake. Kisha akasema:

"Chuki sina. Nimejitafuta siku saba, sikuiona. Lakini msamaha wa kweli, ule wa kula na mtu sahani moja bila kukumbuka, ninao mmoja tu. Wa pili sina nguvu nao. Nikimpa Mama, nitabaki hapa kama binti yake, na Mbaruku aniache. Nikimpa Mbaruku, tutahama, na Mama hatatuona tena. Nikimpa Mwanamvua, nitaondoka, ila yeye ataweza kuja kwetu kunitazama na mlango nitamfungulia. Na yuko wa nne. Kinywa kilichokunywa ni changu, na neno moja lingetosha. Nikijipa mimi, nitarudi kwa mama yangu nikiwa na usingizi, nanyi watatu mtabaki na lenu. Nisipojipa, nitakayemsamehe ataishi na maiti."

Wewe ungemjibu nini?

Hadithi hii nimeisimulia pengi, na pengi watu wamegombana. Mama wakwe hupiga kelele kuwa ni Bi Zume. Wanaume hutazama chini. Mawifi husema, "Sisi siku zote tunaonewa." Msinitazame mimi. Mimi nilikwisha kuchagua zamani, nikabadili, nikachagua tena, na bado usiku mwingine najiona nimekosea. Mashavu yuko pale juu ya mzigo wake, msamaha anao mmoja, na wanaoutaka ni wanne.

Haya, semeni nyinyi. Je, nani alistahili msamaha ule?