Mikono ya Eliwaza

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi maana waliohusika bado wanakula na kunywa, palikuwa na mjane mmoja huko milima ya Upare, upande wa wakulima wa tangawizi. Alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa aliitwa Eliwaza, mdogo aliitwa Nakijwa. Nakijwa alizaliwa anasikia. Alisikia jogoo, alisikia mvua juu ya bati, na alipoanza kuongea hakunyamaza, wakamwita kasuku. Kisha, kabla hajaanza shule, homa ya uti wa mgongo ikamwangusha. Ikamwachia uhai, ikaondoka na masikio.

Eliwaza ndiye aliyemrudisha kati ya watu. Hakuna aliyemtuma. Alianza kwa kumnyooshea kidole: maji, moto, mbuzi. Akatunga ishara ya njaa, akatunga ya aibu, akatunga ya kesho. Miaka ikaenda, mikono ya ndugu wale wawili ikawa na lugha nzima, ambayo mama yao mwenyewe aliijua nusunusu. Eliwaza alipofaulu kwenda sekondari ya bweni, akakataa kwenda.

"Nikiondoka, nani atamwambia mdogo wangu watu wanasema nini?"

Mama alisikia, akaendelea kumenya tangawizi.

Basi neno la mtu yeyote likitaka kumfikia Nakijwa, lilipita kwa Eliwaza. Neno la Nakijwa likitaka kutoka, lilipita kwa Eliwaza. Na Eliwaza alikuwa na huruma. Wanawake kwenye mfereji wa kuoshea tangawizi wakisema, "Bubu kaja," mikono ya Eliwaza ilisema, "Wanakukaribisha." Wakisema, "Mkosi wa nyumba ile," mikono ilisema, "Wanaisifu tangawizi yetu." Nakijwa akakua akidhani kijiji kizima kina ulimi wa asali. Aliwapenda wale wanawake. Aliwabebea magunia yao.

Akatokea mnunuzi wa tangawizi, kijana mpole aitwaye Mbonea. Alimkuta Nakijwa akianika, akamtazama mpaka akasahau kilichomleta. Akaenda kwa mama. "Mama, kabla sijatuma wazee, nataka kwanza kuujua moyo wa binti yako mdogo."

Mama akamvuta Eliwaza jikoni.

"Huyu asimpate. Mtoto akilia usiku atamsikiaje? Mume akimpiga atamwita nani? Binamu yangu alikuwa kiziwi, akaolewa, akarudishwa kwetu mkono umevunjika na jirani hakusikia kitu."

"Mama, tumuulize mwenyewe."

"Nimeshasema. Mwambie mwenzio lolote unalotaka, ila hilo usimwambie."

Siku ya kwanza Mbonea akasema, "Mwambie sikufuata tangawizi. Nimemfuata yeye." Mikono ya Eliwaza ikasema, "Anauliza tangawizi itakuwa tayari lini." Nakijwa akacheka, akajibu kwa mikono, "Mwambie asiwe na haraka. Kizuri hungojewa." Eliwaza akamgeukia Mbonea: "Anasema hafikirii kuolewa."

Siku ya pili Mbonea akaja na kitenge. "Mwambie hiki ni chake." Mikono ya Eliwaza ikasema, "Kamletea mama zawadi." Nakijwa akakipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akaenda kumpa mama. Mbonea akakitazama kitenge chake kikienda.

Siku ya tatu Mbonea akasema, "Leo asinijibu kwa maneno. Kama hanitaki, atikise kichwa nione kwa macho yangu." Eliwaza akageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Mikono ikainuka, ikasema, "Amesikia kwamba tunamuuzia mnunuzi mwingine kwa siri. Ni kweli?" Nakijwa akashtuka. Akatikisa kichwa, hapana. Akatikisa tena kwa nguvu, hapana, hapana, huku akimkazia Mbonea macho ili amwamini.

Mbonea akainuka, akaaga.

Sasa sikilizeni. Maneno yale matamu yalikuwa ya Nakijwa, lakini masikio yaliyoyasikia yalikuwa ya Eliwaza. Yeye hakuwahi kuambiwa hivyo na mtu. Yalipita kwake, na mengine yakabaki. Mbonea akaendelea kuja kununua tangawizi, na wa kuongea naye alikuwa Eliwaza. Msimu ukaisha, mwingine ukaja, na wazee wakaja kumposa Eliwaza. Safari hii mama hakuwa na neno.

Nakijwa akapika wali wa harusi. Alikuwa amempenda mwanamume yule, hakumwambia mtu, na angemwambia nani kama si Eliwaza? Akajisemea kwamba hakuwa fungu lake. Akameza, akabeba sahani.

Eliwaza hakutaka kumwacha mdogo wake, kwa hiyo Mbonea akajenga kwenye uwanja uleule wa mama. Walipopata mtoto wa kwanza, Eliwaza alilia akamweleza mumewe yote. Mbonea akashika kichwa. Mwisho akasema, "Yaliyopita si ndwele. Tukimwambia sasa itamsaidia nini?" Wakanyamaza wote wawili. Nakijwa akawalea watoto wao. Mtoto akilia mgongoni alimjua kwa mtetemo, akambembeleza.

Miaka ikapita. Siku moja Eliwaza akasikia kanisani kwamba katika hospitali kubwa ya mjini madaktari wanapandikiza kifaa kichwani, na waliowahi kusikia utotoni wanasikia tena. Akaenda kuuliza. Akarudishwa, akaenda tena, akagonga mlango huu na ule, mpaka jina la mdogo wake likakubaliwa. Nakijwa akapasuliwa nyuma ya sikio, akawekwa kifaa chini ya ngozi, na cha pili nje, kinachojishika kwa sumaku kama kifungo.

Mwanzoni kila sauti ilikuwa makopo yanayoburutwa kwenye changarawe. Alilia, akataka kukitupa. Mwalimu wa hospitali akamfundisha taratibu, na nyumbani akakaa na redio. Maneno ya utotoni yakaanza kuamka: maji, moto, mbuzi. Akajaribu kuyatamka peke yake shambani. Watu wa nyumbani wakasema, "Kelele anasikia, maneno bado." Hakuwasahihisha. Aliona haya kukosea mbele yao.

Ndipo asubuhi moja kwenye mfereji, mwanamke aliyebebewa magunia na Nakijwa miaka yote akasema wazi, "Bubu kaja, na siku hizi ana waya kichwani." Wakacheka. Nakijwa akamgeukia dada yake. Mikono ya Eliwaza ikasema, "Wanakusalimu."

Nakijwa akainama, akaendelea kuosha. Maji yalikuwa na sauti nzuri. Hakuisikia.

Ikaja sherehe ya kipaimara cha mtoto wa kwanza wa Eliwaza. Nakijwa alikuwa jikoni akipakua pilau. Nyuma yake, shangazi yao akamwambia mgeni, "Maskini, anampakulia mume wake mwenyewe. Mbonea si alimfuata huyu? Mama yao alinisimulia. Walimgeuzia maneno, mpaka kichwa akatikisa bila kujua anakataa nini."

Nakijwa akaweka sahani chini. Akafungua mdomo, na sauti yake ikatoka nzito, kama mlango uliokaa miaka bila kufunguliwa.

"Shangazi. Rudia."

Wageni walipoondoka, jua likiwa bado juu, akawakalisha watatu uwanjani.

Mama akasema, "Kosa ni langu, mimi ndiye niliyeamuru. Lakini kila nilipokutazama nilijiuliza, nikifa nani atakulinda? Niliogopa, mwanangu. Woga wa mzazi ni dhambi?"

"Watoto wa Eliwaza walilia mgongoni kwangu," Nakijwa akasema. "Nani aliwanyamazisha?"



Mbonea akasema, "Shemeji, mimi nilitikisiwa kichwa. Nilikuona kwa macho haya. Ningefanya nini?"

"Ulikuja kwetu siku nyingi. Ulijifunza ishara yangu ipi, hata moja? Na ulipojua, ukaendelea kula nilichopika, ukinitazama usoni."

"Niliogopa kuvunja nyumba."

"Nyumba ya nani?"

Eliwaza akawa wa mwisho. Mikono yake ikaanza kusema kwa mazoea. Nakijwa akaikamata, akaibana magotini.

"Sema kwa mdomo. Leo nasikia."

Eliwaza akasema, "Nilikudanganya. Mara ya kwanza nilimtii mama. Mara ya tatu sijui tena nilimtii nani. Lakini shule niliiacha kwa ajili yako. Neno la kwanza ulilolipata baada ya homa ile, mimi ndiye niliyekupa. Na nilipokwenda kukutafutia masikio nilijua yatakuja kunishitaki. Hata hivyo nilikwenda."

"Na juzi kwenye mfereji, walisema nini?"

Eliwaza akainamisha kichwa.

Nakijwa akabandua kile kifungo nyuma ya sikio, akakitia mfukoni, akaenda kufunga nguo zake. Wakamwita, wakalia, wakamfuata mpaka barabarani. Hakusikia kitu.

Akashukia mjini Same, akajiunga na viziwi wenye kibanda cha ushonaji. Huko watu walisema kwa mikono, uso kwa uso, bila mtu wa katikati. Lakini ishara zake hawakuzijua. Akisema aibu, walimtazama tu. Akisema kesho, walitabasamu kwa adabu. Ilibidi aanze upya kama mtoto. Lugha aliyokua nayo ilikuwa na mtu mmoja tu mwingine duniani wa kuielewa, na mtu huyo ndiye asiyetaka kumwona.

Kisha mama akapooza upande mmoja. Ujumbe ukaja: mama anataka kusema nawe kabla hajafa. Ukaja wa pili: Mbonea anataka kusema nawe. Ukaja wa tatu: Eliwaza anataka kusema nawe. Nakijwa akawajibu wote kwa pamoja: "Nitakuja. Nitavaa sikio kwa mmoja tu. Wengine wawili watasema wachoke, sitasikia, wala mikono sitaitazama. Na msidhani ni msamaha. Ni kusikilizwa tu."

Akaja. Aliwakuta uwanjani. Mama alikuwa amelazwa kwenye godoro, mdomo umekwenda upande. Mbonea alikuwa amesimama, kofia mkononi. Eliwaza alikuwa ameketi chini, mikono ameikalia asije akaitumia. Nakijwa akawatazama mmoja mmoja, akakitoa kile kifaa mfukoni.

Jibuni basi, ninyi mnaosikia bila taabu, wala msinijibu kwa haraka. Yupo mama aliyeamuru kwa woga, na huenda kesho asiwepo. Yupo Mbonea aliyekataliwa kwa hila, kisha akajua akala kimya. Yupo Eliwaza, aliyempa mdogo wake maneno yote, akamwibia yale aliyoyahitaji kuliko yote, kisha akamletea masikio ya kumkamatia mwizi.

Je, nani alistahili kuvaliwa sikio?