Ufagio Mgeni wa Darasa la Saba

Ufagio mgeni huulizwa desturi. Mmeisikia methali hiyo asubuhi hii kwa mama yenu, mkacheka kwamba ufagio hauna mdomo wa kuulizwa. Kweli hauna. Lakini ulikuwapo mmoja uliogoma mbele ya darasa zima, na siku hiyo ndipo methali ilipozaliwa. Sogeeni basi, niwape chanzo chake.

Katika shule moja ya msingi pembezoni mwa mji wa Tabora alikuwapo msichana wa darasa la saba aitwaye Nyamizi, kiranja wa usafi. Kwa kufagia hakuwa na mpinzani. Kabla ya ufagio kugusa sakafu alipita na kopo akinyunyiza maji kwa vidole, ili vumbi litulie. Wenzake wakijaribu, walifanya matope, yeye kamwe. Bendera ya usafi ilikuwa imekaa mlangoni kwao tangu mwaka uanze, na Nyamizi alipita chini yake kifua mbele.

Ila Zuwena, rafiki yake wa dawati moja, alikuwa na pumu. Kiangazi cha Tabora si mchezo. Unyunyize utakavyonyunyiza, vumbi kidogo litapanda, na hicho kidogo kilitosha kumbana Zuwena kifua. Kila asubuhi alibaki barazani na daftari mapajani mpaka hewa itulie, na kipindi cha kwanza, Hisabati, kikampita. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa umebakiza wiki saba. Nyamizi aliumia moyoni, maana ufagio uliosifiwa ndio uliomweka rafiki yake nje.

Basi mwanafunzi mmoja wa zamani akailetea shule roboti ya kufagia. Ilikuwa ya mviringo kama sinia, yenye magurudumu, inazunguka yenyewe na kuvuta vumbi tumboni badala ya kulirusha. Watoto wakaiita Kobe. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Mihayo, hakuwa mtu wa kushangilia vitu vigeni. Alisema Kobe atajaribiwa darasa la saba asubuhi moja tu. Akifaa atabaki, asipofaa atarudi alikotoka.

Siku hiyo Nyamizi alifika kabla ya kengele ya usafi. Akapandisha viti juu ya madawati, akachukua kopo lake, akanyunyiza sakafu nzima kwa uangalifu kuliko siku zote. Mgeni huandaliwa njia, alijiambia. Kisha, wenzake walipokusanyika kutazama, akabonyeza kitufe.

Kobe alikwenda mpaka dawati la pili, akakoroma, akasimama. Nyuma yake ilibaki michirizi ya tope. Zuwena, aliyekuwa akichungulia dirishani, alirudi kuketi barazani.

"Nilijua," alisema Mwalimu Mihayo alipoingia. "Vitu hivi vinataka nyumba za marumaru. Kirudisheni kwenye boksi."

Nyamizi angeweza kunyamaza. Lawama zilikwisha kumwangukia Kobe, na Kobe hana wa kumtetea. Lakini alisogea mbele.

"Shikamoo, Mwalimu. Kosa si lake, ni langu."

"Marahaba. Lako vipi? Wewe ndiye uliyemuunda?"

"Nimemnyunyizia maji, Mwalimu."

"Si ndivyo tunavyofagia siku zote?"

"Ndivyo tunavyofagia sisi. Yeye anafagiaje, sikumuuliza."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Mihayo hakucheka. Alimgeukia yule binti, akasema, "Haya, muulize. Una muda mpaka saa nne."

Nyamizi akampindua Kobe. Tumboni palikuwa na mchoro mdogo wa tone la maji lililokatwa kwa mstari. Asubuhi yote walikuwa wamemsifia mgongo unavyong'aa, na hakuna aliyemgeuza! Nyamizi akachomoa brashi, akachokoa tope kwa kijiti, akalifuta tumbo kwa kitambaa na kuianika brashi juani. Wenzake nao wakaifuta sakafu mpaka ikakauka kabisa. Saa nne kasoro dakika chache akabonyeza tena.

Kobe alizunguka darasa zima. Aliingia chini ya kabati, mahali ambapo ufagio wa Nyamizi haukuwahi kufika, akatoka na mzigo wake tumboni. Mwalimu Mihayo alisimama penye mwanga wa dirisha akilitafuta vumbi hewani. Hakuliona. Akaenda mlangoni mwenyewe.

"Zuwena, mwanangu, ingia."

Zuwena aliingia kwa hatua za wasiwasi, akaketi, akavuta pumzi. Akavuta nyingine. Hakukohoa. Nyamizi alijiona mrefu kuliko mlingoti wa shule, na nani angemlaumu? Kuanzia kesho yake hapakuwa tena na mtu wa kusomea barazani.

Jumatatu, mbele ya gwaride la shule nzima, Mwalimu Mihayo alimwita Nyamizi mbele. Huyu ni mwalimu ambaye sifa zake zilikuwa adimu kama mvua ya Agosti.

"Wajuzi wa kazi tunao wengi," alisema. "Huyu ni mjuzi, akakosea, akasema nimekosea, kisha akajifunza upya mbele ya macho yetu. Najivunia kumfundisha. Nyamizi, waambie wenzako ulichojifunza."

Sauti yake ilifika mpaka safu ya mwisho, walikosimama watoto wa chekechea:

"Ufagio mgeni huulizwa desturi."