Makali Aliyoyaacha Mkewe

Wapendwa, palikuwa na bwana mmoja aliyefika umri wa miaka sitini bila kujinyoa ndevu hata mara moja. Mkewe ndiye aliyemnyoa. Mama yule alikuwa binti wa kinyozi, na siku alipoolewa alikuja na wembe wa baba yake, ule wa zamani unaokunjwa ndani ya mpini. Kila asubuhi aliupitisha kwenye mkanda wa ngozi uliotundikwa mlangoni, kwenda na kurudi, kisha akampaka mumewe povu kwa brashi na kumwambia, "Nyamaza sasa, baba watoto. Siasa baadaye."

Mwezi wa pili mama yule akafariki.

Bwana akaziacha ndevu ziote. Lakini binti yao alikuwa aolewe mwezi wa sita, na baba ndiye wa kumsindikiza hadi madhabahuni. Basi akautoa wembe, akaanza kujifunza. Maji ya moto, sabuni, kioo. Jambo moja tu hakulifanya: hakuupitisha wembe kwenye mkanda. Mkono wa mwisho kuunoa ulikuwa wa mkewe, naye hakutaka kuifuta kazi ya mkono huo.

Mnaweza kumlaumu? Mimi siwezi.

Wiki ya kwanza alijikata kidogo. Wiki ya tatu uso ulikuwa na plasta nne. Binti yake akamtazama mezani.

"Baba, utanipeleka kanisani hivyo? Wageni watadhani ulipigana na wakwe."

Bwana akacheka, lakini moyoni aliona aibu. Siku zilikuwa zimebaki tano. Akaufunga wembe katika kitambaa, akaenda kwa kinyozi wa sokoni.

"Mzee wangu, nani kakufanya hivi?"

"Mwenyewe."

Kinyozi akaufungua wembe, akaujaribu kwenye nywele za mkono wake. Hazikukatika. "Umenolewa lini huu?"

"Mwezi wa pili. Na marehemu mke wangu." Akaongeza upesi, "Sikuja ili uunoe. Nifundishe tu namna ya kuushika."

Kinyozi akapangusa kiti kilichokuwa safi tayari.

"Mzee wangu, niwie radhi. Makali ya mama yaliisha siku zile za kwanza, uliyamaliza mwenyewe kwa kunyoa. Huu ubutu si wake. Ni wako. Wembe butu unakulazimisha ukandamize, na ukikandamiza, unakukata. Yeye aliunoa mara ngapi?"

"Kila asubuhi."

"Sasa wewe unatunza nini?"

Bwana akaukunja wembe. Alirudi nyumbani na wembe wake.

Kesho yake alisimama mlangoni, akaushika mkanda, akaupitisha wembe taratibu, upande usio na makali ukitangulia. Jikoni, binti yake akausikia mlio ule wa kila asubuhi, akaiacha sufuria, akaja mbio. Akamkuta baba, mkanda mkononi.

"Nilisikia..."

"Najua," baba akasema. "Hata mimi nimesikia."

Binti akaichukua brashi, akampaka baba yake povu, shavu hili na lile. "Nyamaza sasa," akasema. Na bwana, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akayafurahia yale maji ya moto, harufu ya sabuni, na wembe unaopita bila kulazimishwa. Jumamosi alisimama madhabahuni na uso safi.

Ndugu zangu, nani kati yetu ameacha kuimba kwa sababu aliyeanzisha wimbo hayupo? Nani amefunga mlango ambao marehemu wake aliwafungulia majirani, akasema anamheshimu? Tunadhani tunawatunza. Kumbe tumeshika ubutu wetu wenyewe, na tunashangaa kwa nini kumbukumbu inatukata.

Upendo waliotuachia hawakuunoa mara moja wakamaliza. Waliunoa kila asubuhi. Sisi tuliobaki, mkanda ungali mlangoni. Kesho tukiamka, tuushike.