Kidari cha Mfereji

Hapo zamani, na leo mtu asiniulize zamani ipi, palikuwa na mlinzi wa mfereji aliyeitwa Ndetaulwa. Aliishi mlimani, kwenye migomba. Kazi yake ilikuwa kupanda korongo hadi banioni, pale mto unapozuiwa ili maji yaingie mferejini, kisha kuzigawia nyumba zamu zao. Kila mwenye zamu alimshukuru kwa kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi. Kukataa kibuyu cha mtu ilikuwa ni kumtukana. Desturi hiyo sikuitunga mimi, msinikodolee macho.

Basi Ndetaulwa akanywa. Nyumba ya kwanza akanywa, ya pili akanywa, ya tatu akanywa, ya nne akaomba ya kushushia. Mwaka wa kwanza tumbo likamtangulia mlangoni. Mwaka wa pili usingizi ukampotea na magoti yakaanza kumuuma. Mwaka wa tatu alifika nusu ya korongo, akaketi juu ya jiwe, akashindwa kwenda mbele. Maji hayakuja, migomba ya watu ikanyauka.

Mzee Kisanga, mkuu wa mfereji, akamwita. "Kiangazi kijacho usipofika banioni kwa miguu yako, jembe la mfereji nampa mwingine. Nimechoka nawe."

Jembe lile alilishika babu yake, akalishika baba yake. Ndetaulwa akarudi nyumbani analia, tena bila aibu.

Mkewe, Aikaruwa, akamwambia, "Baba Ndekirwa, punguza pombe."

"Nitapunguza harusi ikipita, Mama Ndekirwa."

Harusi ikapita, akasema tohara ikipita. Tohara ikapita, akasema matanga yakiisha. Jamani! Nani alishawahi kuzimaliza sherehe za watu?

Bibi Mkunde, mpika pombe wa kijiji, akamwonea huruma. Akawa anamjazia vibuyu togwa isiyolevya badala ya mbege, bila kumwambia mtu. Ndetaulwa akaonja, akaona tamu, akanywa maradufu. Tumbo likazidi! Bibi Mkunde akashika kichwa. Akaamua kupika pombe siku ya soko tu. Vibuyu vikapungua, kutoka sita kwa siku hadi viwili. Wanywaji wakamlaani, wakahamia kwa mpishi wa ng'ambo ya korongo.

Vikabaki viwili, na viwili navyo ni pombe. Aikaruwa akaanza kumfuata mumewe nyumba kwa nyumba. Mume akipewa kibuyu, anapiga funda moja la heshima, kisha mke anakipokea na kuondoka nacho. Akifika shambani anaimwaga mbege yote kwenye mashina ya migomba. Watu waliona nini? Waliona mwanamke anabeba vibuyu kila siku. Wakasema ni mlevi. Mama mkwe wake akaacha kula chakula alichopika. Angesema anaimwaga, wenye vibuyu wangesema wametukanwa, na mumewe angefukuzwa kazi. Akanyamaza.

Na Ndetaulwa? Alitetemeka, akatoka jasho, akamgombeza hata kuku. Lakini lile funda moja halikuwa mawili. Kila asubuhi alipanda korongo, leo hadi jiwe hili, kesho hadi jiwe la mbele. Usingizi ukarudi. Mshipi ukaingia tundu moja, ukaingia la pili, ukaingia la tatu. Kiangazi kilipofika, akafika banioni, akafungua maji. Vigelegele vikasikika hadi bondeni.

Akachinjwa mbuzi. Kidari, ile nyama ya kifua, kwa desturi yao hakikatwi. Hupewa mtu mmoja, yule aliyeyaleta maji, na mkuu wa mfereji hutangaza sababu mbele ya wote.

Ndetaulwa akasema, "Koo ni langu, kiu ilikuwa yangu, miguu iliyopanda ni yangu. Kidari ni changu."

Bibi Mkunde akasema, "Mimi nimepoteza wanywaji wangu, na hawajarudi. Vibuyu vingebaki sita, wewe ungebaki kwenye jiwe lako."

"Na togwa je?" akauliza Mzee Kisanga.

"Togwa nilikosea. Nishasema nilikosea, niseme mara ngapi?"

Aikaruwa akasimama. "Nyama siitaki, mbuzi ninao. Nataka sababu itangazwe, mama mkwe aisikie. Mimi sinywi. Nilikuwa namwaga."

Watu wakaguna. "Kumbe shukrani zetu zilimwagwa? Na anayezimwaga ndiye apewe kidari?"

Mzee Kisanga akamgeukia Ndetaulwa. "Ulijua kwamba anamwaga?"

"Nilijua."

"Na walipomwita mlevi?"

Ndetaulwa akatazama chini. "Niliogopa kunyang'anywa jembe."

"Nawe uliniacha nitukanwe mwaka mzima!" Aikaruwa akasema.

Hapo kila mtu akapiga kelele, wa huku wanataja mume, wa kule wanataja mpika pombe, mama mkwe kajifunika kanga usoni. Mzee Kisanga amekiinua kidari, mafuta yanamchuruzika hadi kiwikoni, na hajui ampe nani.

Haya, ninyi mliokuwa mnanikatiza tangu nianze, sasa mbona kimya? Mwambieni mzee, mkono umemchoka: nani alistahili kidari kile?